Mahamri Ndani ya Begi la Vitabu

Mafuta yalikuwa hayajapata moto sawasawa, na wifi Layla alikuwa ameshafungua madirisha yote ya fleti.

"Kengele ya moshi ya hapa ikilia, wifi, haitulilii sisi peke yetu," alisema, amesimama mlangoni mwa jiko na kanga ya usingizi kiunoni. "Linalia jengo zima. Watu watashuka ngazi na mataulo, zimamoto waje, halafu barua niandikiwe mie."

"Nakaanga kwa moto mdogo, wifi yangu."

"Kwa moto mdogo mahamri yanakunywa mafuta."

Mahfudha akauongeza moto kidogo. Mgeni wa kulala sebuleni hana kauli juu ya moto wa watu. Tangu waingie Alexandria, hii ya Marekani, jana jioni, yeye na mumewe Badawi na binti yao Yumna, kila alichokigusa alikigusa kwa ncha za vidole: maji ya kuogea, sabuni, hata swichi ya taa ya msalani. Walikuwa wametoka Harrisonburg, bondeni huko kwenye viwanda vya kuku, kuja kwenye kongamano la wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani. Kongamano lilikuwa Oxon Hill, ng'ambo ya mto, ndani ya hoteli ambayo kulala usiku mmoja kungemeza mshahara wa Badawi wa siku kadhaa. Ndiyo sababu wakafikia kwa Layla, dada yake Badawi. Na ndiyo sababu ya mahamri. Mahfudha aliambiwa kwamba mkate mmoja wa kutiwa nyama ndani ya hoteli ile ungemnunulia gunia zima la unga.

"Na shule za bure zimejaa," Layla akaendelea. "Basi la manjano linamfuata mtoto mlangoni, chakula anapewa. Nyie mmekuja mpaka huku kununua shule."

"Hatununui shule, wifi. Tunatafuta mwalimu."

"Kwani mwalimu si wewe?"

Kule sebuleni, Badawi aliyekuwa akikunja magodoro akakohoa kikohozi kisicho na kifua. Mahfudha akaligeuza andazi moja, likafura, likageuka rangi. Layla alijua anachokiuliza. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameishia darasa la saba, Pangani. Kusoma, kuandika, Kurani, hesabu za kawaida, historia ya kusoma na kusimuliana, hayo yote alimpitisha Yumna mwenyewe, mengine akijifunza asubuhi ili ayafundishe mchana. Lakini Yumna sasa alikuwa na miaka kumi na minne, na mbele yake ilikuwa kemia. Badawi alishatoa neno lake: mwalimu wa kemia asipopatikana katika kongamano hili, Septemba mtoto anarudi shule, ile ile ambayo siku moja alirudi kutoka huko mtandio uko mkononi, pini zimevunjika, na kwa wiki nzima hakumwambia mtu kitu.

Mwalimu alikuwapo. Aliitwa Honorata, Mtanzania, mtu wa maabara katika chuo kikuu cha College Park, na aliwafundisha sayansi watoto wachache wa kusomea nyumbani. Kwa simu alimwambia Mahfudha kwamba nafasi imebaki moja. "Njoo na binti hapo kongamanoni Jumamosi, baada ya adhuhuri. Mzazi na mtoto pamoja. Mtoto peke yake simpokei."

Mahfudha akaipua ya mwisho. Akayapanga mahamri katika sinia za karatasi ya fedha, na viazi karai, na chupa ya chai ya maziwa, vyote ndani ya begi dogo la magurudumu. Juu akatandaza vitabu viwili.

"Mie yangu matatu uniachie," Layla akasema. "Moshi wenyewe nimeuvuta bure."

*

Garini Badawi alisema mara moja tu, walipokuwa wakipanda daraja.

"Leo ningekuwa kiwandani. Jumamosi wanalipa mara moja na nusu."

"Najua, baba Yumna."

"Nasema tu."

Kiingilio kilikuwa cha familia nzima, na katika bahasha zilikuwamo beji tatu za kuvaa shingoni. Mahfudha alimnyooshea yake. Badawi akaitazama kama mtu aliyepewa nguo ya mwenziwe.

"Nikafanye nini mimi humo? Nikiulizwa nasomesha nini, niseme kukata mapaja ya kuku?"

"Ukae nasi tu."

"Na gari? Maegesho ya humu unayajua bei yake? Mtashuka mlangoni, mimi nitakwenda kukaa kule kwenye maduka. Mkimaliza nipigie."

Yumna alikuwa na vizibo vya muziki masikioni na macho nje ya kioo. Mahfudha akamgusa goti. "Umepitia zile kurasa za kemia?"

Yumna akajibu kwa Kiingereza kwamba amezipitia, mara nyingi, na tafadhali asiulizwe tena.

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko soko lolote alilowahi kuliona Mahfudha. Meza na meza za vitabu, ramani, darubini, mifupa ya plastiki, na kina mama wamevuta vigari vya kubebea vitabu, watoto wanawafuata nyuma kama vifaranga. Begi lake la magurudumu halikumshangaza mtu. Alitembea nalo asubuhi yote, akishika kitabu, akigeuza nyuma kuona bei, akikirudisha taratibu ili muuzaji asidhani amekidharau.

Njaa ilipomkaba Yumna, walitafuta pembe karibu na dirisha la kutazamia mto, wakaketi kwenye benchi. Mahfudha akafungua begi. Iliki ikatoka kwanza, kabla ya mahamri yenyewe.

Basi hapo ndipo ilipoanzia. Kwao Mahfudha, mtu hali peke yake na watu wanamtazama. Unafungua chakula, unasema karibu. Aliye karibu anakula au anashukuru, na kinywa chako kinapata ruhusa. Kwenye benchi la pili alikuwa amekaa mwanamke na watoto wawili wenye sura za kuchoka. Mahfudha akanyoosha sinia.

"Karibuni."

Yule mwanamke akaangua kicheko. "Aki, mum! Ni mahamri? Haki ya Mungu, nimeskia harufu nikadhani nimeanza kuota!" Aliitwa Edah, Mkenya, mtu wa Nyeri anayekaa Laurel. "Hawa wangu wamekataa biskuti tangu asubuhi. Chukueni, chukueni, semeni asante. Mum, ni ngapi?"

"Ngapi nini, dada yangu? Kuleni."

"Zii, siwezi kula jasho ya mtu bure. Hapa Marekani kila mtu ako na bill." Akatoa noti, akaiweka juu ya kifuniko cha sinia.

"Ondoa bwana. Utaniaibisha."

"Na wewe utaniletea laana. Iwache hapo."

Mahfudha akaisukuma, Edah akairudisha, wakacheka. Noti ikabaki pale juu ya kifuniko, inapepea kidogo na upepo wa mashine ya ubaridi.

Mama mmoja wa Kimarekani akapita na kigari chake, akanusa, akasimama. Mahfudha, kwa Kiingereza chake cha dukani, akamwambia karibu. Yule mama akala, akafumba macho, akasema neno la kusifu, akaiona noti. Akaweka yake juu yake. Mahfudha akatikisa kichwa na kusema hapana, tafadhali, hapana. Yule mama akadhani anaona haya, akampigapiga bega, akamwita mwenziwe.

Wa tatu alipoweka, Mahfudha alisema hapana kwa sauti ndogo. Wa nne Mahfudha hakumkataza. Aliinamisha macho, akammiminia chai katika kikombe cha karatasi. Alikuwa ameshaanza kufikiria petroli ya kurudia bondeni, na kile kitabu cha kemia alichokigeuza mara mbili asubuhi na kukirudisha. Akajiambia riziki haina mlango mmoja. Akazikusanya noti, akazitia chini ya sinia, mahali ambapo mtu anayekaribisha watu chakula hana sababu ya kutia kitu.

Watu wakawa mstari.

"Mama," Yumna akasema. "Mama, acha."

"Nimewakaribisha, nitawafukuzaje?"

Mlinzi alikuja polepole, mtu mzima mwenye mvi, jina lake Peterson limeandikwa kifuani. Hakupiga kelele. Aliongea na Yumna, kwa kuwa alishaona nani ana Kiingereza. Yumna akageuka, uso umemwiva.

"Anasema chakula cha nje hakiruhusiwi. Na kuuza hakuruhusiwi kabisa, wenye meza wamelipia meza zao. Anauliza kama umechukua pesa."

"Mwambie mimi siuzi. Mwambie kwetu ndivyo tunavyokula. Hizo ni zawadi."

Yumna hakugeuka kwa mlinzi. Alimtazama mama yake.

"Mwambie, mwanangu."

Huyu ndiye mtoto ambaye Mahfudha alimkalisha mezani miaka mitatu, na kila akinakili jibu kutoka nyuma ya kitabu alifutiwa ukurasa mzima na kuanzishwa upya. Yumna akamgeukia mlinzi, akasema maneno machache kwa sauti iliyopungua. Mahfudha hakuhitaji tafsiri. Alijua kwa jinsi Peterson alivyoshusha pumzi na kunyoosha mkono, kiganja juu, kuomba beji.

"Si alikuwa anatupea tu!" Edah akasimama, kisha akamrukia mlinzi kwa Kiingereza kirefu, akijigonga kifua. "Nimemwambia ni mimi nilianza! Mum, usiskie vibaya." Peterson alimsikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Hakumwandikia mtu kosa lolote, wala beji ya Yumna hakuigusa. Lakini yule mama, alisema, leo harudi tena ukumbini.

Mahfudha akaivua beji. Ilinasa kwenye pini ya mtandio, ikabidi Yumna amsaidie, na kina mama waliokuwa wakilamba sukari vidoleni dakika hizo hizo wakageuka wote kutazama mto. Zile noti alimkabidhi Edah. "Wenyewe uwarudishie. Usiowaona, tia kwenye kisanduku cha yatima pale mlangoni."

"Zote?"

"Zote, dada. Hata usizihesabu."

*

Badawi alilisimamisha gari mbele ya mlango mkubwa, mahali pa kushusha watu. Alimkuta mkewe amesimama na begi lake kando ya nguzo, kama abiria aliyeteremshwa njiani, na Yumna hatua kadhaa mbali naye. Alisikiliza habari yote bila kuzima injini.

"Ulichukua pesa," alisema.

"Nilichukua."

"Mbele ya mtoto."

"Mbele ya mtoto, baba Yumna. Unataka niseme mara ngapi?"

Badawi akakuna kidevu. Angeweza kusema mengi, na Mahfudha alikuwa ameshajikaza ayapokee. Jumamosi imepotea, aibu imepatikana, kemia hakuna, dada yake alisema. Yote hayo yalikuwa usoni mwake, yamepanga foleni.

"Honorata anawapokea saa ngapi?"

"Ameshaanza sasa hivi. Mtoto peke yake hamtaki." Mahfudha akaitoa bahasha mkobani. "Beji yako hii hapa. Haijaguswa."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

"Mahfudha, mimi mtu huyo sijawahi hata kuongea naye. Ataniuliza mambo ya masomo."

"Atakuuliza kwa Kiswahili."

"Hilo ndilo baya zaidi! Kwa Kiingereza ningesema sijaelewa."

Yumna akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimemtoka bila kutaka, akakifunika kwa mkono. Gari la nyuma likapiga honi. Kijana mwenye sare ya hoteli akawaashiria waondoke. Badawi akashuka, akajipangusa suruali, akaingiza kamba ya beji shingoni, jina limetazama ndani. Yumna akaligeuza.

Mahfudha akamshika mumewe mkono wa shati. Alitaka kumwambia asikubali kushindwa, lakini alijua kwamba mtu huyu hakuahidi chochote. Neno lake lilikuwa lile lile: asipopatikana mwalimu, mtoto arudi shule. Kutopatikana mwalimu hakungemgharimu kitu. Kukaa kimya tu mbele ya Honorata kungetosha.

"Usiende kunyamaza," akamwambia.

Badawi akatangulia, Yumna nyuma. Waliingia, mlango wa kioo ukawazunguka, ukawameza.

*

Mahfudha akashika usukani; alizoea kuendesha gari bondeni tu, kwenda dukani na msikitini. Hapa barabara zilikuwa na mishale, na kila mshale ulimpeleka kwenye geti la maegesho lenye mkono mwekundu na mashine ya kunyonya kadi. Kuegesha hakuweza, kusimama alikatazwa. Basi akazunguka. Alipita mbele ya mlango mkubwa, akachungulia, hawapo. Akashuka mpaka kwenye gurudumu kubwa la kutembeza watu angani, akakata, akapita kwenye mikahawa ambako watu walikula nje na mbwa wao, akarudi mlangoni. Hawapo.

Aliomba huku anazunguka. Alianza na istighfari, kwa ajili ya zile noti, na kwa ajili ya uso wa Yumna. Kisha akaomba alichokijia. Ya Rabbi, mfungue ulimi mume wangu. Ya Rabbi, mpe mtoto nafasi ile, usimtese kwa kosa langu. Mzunguko mwingine. Kijana wa sare alishamzoea, akimwona anampungia mkono, na Mahfudha akaona haya kana kwamba anapita mlangoni mwa mtu kuomba chumvi.

Alipokata tena kona akawaona. Badawi mbele, beji bado shingoni, Yumna nyuma yake amebeba makaratasi. Nyuso zao hazikusema kitu. Wakaingia.

"Amekubali?"

"Endesha, kuna gari nyuma."

"Badawi!"

"Amekubali. Endesha, mama."

Mahfudha akakanyaga mafuta, gari likaruka kidogo. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi Rabbi." Macho yakamjaa, akayapangusa kwa bega ili asiachie usukani. "Alimuuliza nini?"

"Alimpa maswali hapo hapo," Badawi akasema. "Mengi ameyapata. Moja limemshinda, akasema limemshinda. Yule mama akapenda. Akaniuliza, huyu nani amemfundisha? Nikasema mama yake. Akauliza, mama yake mwenyewe yuko wapi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema anazungusha gari."

Yumna akacheka tena huko nyuma, sasa bila kujifunika. Mahfudha naye akacheka, kicheko kikachanganyika na machozi, na kwa muda kidogo gari lote likawa na watu watatu wasiodaiwa kitu na mtu.

"Lakini kuna jambo," Badawi akasema. "Mwaka huu masomo si kwa kompyuta tu. Watafanya majaribio kwa mikono, College Park. Lazima mtoto afike. Na kila familia inachangia kitu, si pesa. Mmoja anasahihisha kazi, mwingine anapika, mwingine ana chumba. Akaniuliza, na wewe baba, utaleta nini? Nikatafuta, Mahfudha. Wallahi nilitafuta kichwani sikuona kitu. Watu wote wananitazama. Na wewe uliniambia nisinyamaze."

"Ehe."

"Kuna watoto wengine wawili wa huko huko kwetu bondeni, hawana wa kuwaleta. Nikasema mimi nina gari la viti saba. Nitawabeba wote."

"Vizuri, mume wangu. Vizuri sana. Siku gani?"

Badawi akaivua beji, akaikunja kamba yake, akaiweka juu ya goti.

"Jumamosi."

"Ya mwisho wa mwezi?"

"Kila Jumamosi."

Mbele yao kibao cha kijani kilionyesha njia ya kupandia barabara kuu. Mahfudha alikitazama bila kukisoma. Jumamosi ya moja na nusu ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Siku nyingine za wiki zililipa chakula na umeme na kile kidogo cha kumpelekea mama yake Pangani. Jumamosi ilikuwa kodi, haijapata kuwa kitu kingine.

"Ungeniuliza kwanza, baba Yumna."

"Ningekuuliza vipi, na wewe umefukuzwa?"

"Hiyo ni kodi yetu."

"Najua ni nini. Mimi ndiye ninayesimama kule na kisu."

"Basi tutalipaje?"

"Sijui. Nimeshasema mbele ya watu."

Yumna alikuwa ameyashusha makaratasi mapajani. Hakuvaa vile vizibo vya masikioni. Mahfudha alimwona katika kioo, anamtazama baba yake, kisha yeye, kisha tena baba yake, na akajua kwamba neno lolote litakalotoka kinywani mwake sasa mtoto huyu atalibeba miaka. Alikuwa ameomba apewe, na hakutaja kwa bei gani.

"Haya," akasema. "Umeshasema."

"Njia ndiyo hiyo, unaipita," Badawi akasema.

"Naiona."

Lakini alikuwa ameshaipita. Akaenda mbele mpaka penye gurudumu kubwa, akakata, akaanza kuzunguka tena.